Kisu cha mufukoni kihukumiwe kikiwa kimefungwa

Yaya wangu hawezi tena kukunja kidole cha shahada cha mukono wa kuume. Anatengenezaka masimu pale Kadutu, na kazi ya masimu karibu yote iko katika kile kidole na kidole gumba: kushika visi vidogo, kutosha batri, kupitisha waya. Siku moja alitaka kutoboa kifuniko cha kopo la rangi kwa kisu chake cha kukunja. Alisukuma na ncha, ncha ikakwama, ubapa ukarudi nyuma na kujifunga juu ya kidole. Walimushona katika kituo cha afya cha karibu. Ngozi ilipona vizuri. Lakini mushipa wenye unakunja kidole ulikuwa umekatika, na siku ile hakuna mutu aliyeuangalia.

Kile kisu, mimi njo nilimununulia.

Nilikuwa katika mwaka wa mwisho wa masomo ya kilimo, nimepata franga kidogo za stazi, na juu ya meza ya muuzaji nikaona kisu chekundu chenye musalaba mweupe. Kilikuwa na vyombo kumi na kimoja: makasi, musumeno, tirbushoni, hata kioo cha kukuzia maandishi. "Ni Suwisi ya kweli, papa," muuzaji aliniambia, nami nikaamini kwa sababu nilitaka kuamini. Dola tano. Victorinox ya kweli yenye vyombo kumi na kimoja haiwezi kuuzwa bei ile hata kama imeibwa.

Tangu siku ile nimeshika visu vingi, vyangu na vya wenzangu, na kila mara tukizungumza ni kisu gani cha kutembea nacho, naona tunazungumzia ubapa tu. Una urefu gani? Unangaa? Ni chuma gani? Kama ni kijana mwenye amehitimu juzi, anaongeza: kina vyombo ngapi? Mimi naona tunakosea tangu mwanzo. Hesabu mwenyewe: kwa siku, kisu chako kinafunguliwa dakika ngapi? Kukata avoka, kufungula kamba ya mufuko wa makala, kuchonga kalamu ya mutoto, kumenya nanasi. Labda dakika tano, siku ya kazi nyingi labda kumi. Masaa yale mengine yote kimefungwa, kinakaa mufukoni pembeni ya simu, juu ya paja, unapanda nacho moto, unaingia nacho kanisani, unapita nacho kwenye bariere. Basi tukihukumu vile kinaishi. Tuangalie kwanza namna kinafungwa, namna kinakataa kufungwa wakati hakitakiwi, na namna watu wanakiona kikiwa bado kimefungwa. Ubapa tutauzungumzia kisha, na hautatuomba maneno mengi.

Kisu cha kukunja ni kisu chenye kimevunjika katikati kwa makusudi. Samahani kwa wenye wanavipenda, lakini njo ukweli: pahali penye kisu cha jikoni kiko na nguvu zaidi, pale ubapa unaingia katika mupini, kisu cha kukunja kiko na tundu na riveti moja. Kile unalipia ni namna fundi alitatua shida ile.

Kuna namna tatu. Ya kwanza: hakuna kitu chenye kinashika ubapa, isipokuwa ugumu wa kiungo chenyewe. Ya pili: resori ya chuma yenye inalala katika mugongo wa mupini na kukandamiza shina la ubapa. Ukifungua, resori inausukuma ukae wazi. Ukisukuma kwa nguvu upande mwingine, inakubali na ubapa unafunga. Ya tatu ni kufuli: kitu chenye kinasimama mbele ya ubapa na kuuzuia kabisa mpaka wewe ukitoshe. Ukikata kwa kushuka chini, kama vile kukata mukate juu ya ubao, namna zote tatu zinatosha, kwa sababu ile kazi yenyewe inasukuma ubapa ubakie wazi. Hatari inaanza ukisukuma na ncha, ao ukizungusha kisu ndani ya tundu, ao makali yakikwama katika muti na wewe unavuta. Hapo nguvu inageuka, inaenda kwenye mugongo wa ubapa. Kile yaya wangu alifanya na kopo la rangi ni kazi yenye hakuna kisu cha resori kinapashwa kuombwa, hata cha Suwisi ya kweli. Tofauti ni kwamba resori ya kile cha dola tano ilikuwa laini kama ulimi wa kiatu. Kilikuwa kinafunguka peke yake ndani ya mufuko, aliniambia kisha. Kwa nini hakuniambia mbele? Kwa sababu nilikuwa nimemupatia zawadi.

Sasa tufike kwenye visu vyenyewe.

Kile chekundu cha kweli kinatoka Ibach, katika jimbo la Schwyz, kule Karl Elsener alifungua karakana yake mwaka wa 1884. Jeshi la Uswisi lilitaka kisu chenye askari anaweza kufungulia kopo na kufungulia visi vya bunduki, na wakati vile vya kwanza vilihitajika, hakuna mutu katika Uswisi aliyeweza kutengeneza vingi namna ile. Viliagizwa Solingen, katika Ujerumani. Elsener alianza kupelekea jeshi vyake mwaka wa 1891, na mwaka wa 1897 akatosha kile chenye vyombo zaidi, kinaitwa kisu cha ofisa. Jina Victoria ni la mama yake. "Inox" iliongezwa mwaka wa 1921, na ni neno lile lile sisi tunasema kwa masufuria: inoksi, chuma chenye hakikubali kutu kwa urahisi.

Kati ya vyote, kile ninakubali ni Spartan, cha milimita 91 kikifungwa. Ubapa mukubwa na mudogo, kifungua-kopo, kifungua-chupa, ncha ya kutoboa, tirbushoni, kijiti cha meno na kibanio kidogo. Hakuna musumeno, hakuna kioo. Kila chombo chenye kinaongezwa kinanenepesha kisu, na kisu kinene kinaachwa nyumbani. Tirbushoni hautaitumia kwa divai, lakini inafungua fundo la kamba yenye imelowa vizuri kuliko meno yako. Makosa yake? Ubapa haufungwi na kufuli, resori tu. Na kuufungua unahitaji ukucha. Kama unakula kucha zako wakati wa mitihani, utateseka. Lakini kikiwa kimefungwa, kile kisu hakina mpinzani. Kiko chekundu, laini, hakichani mufuko, na mutu yeyote akikiona anacheka na kuomba kijiti cha meno. Jambo lile nitalirudilia.

Wa pili ni Opinel. Joseph Opinel alikuwa kijana wa miaka kumi na nane hivi, mutoto wa mufua vyuma katika milima ya Savoie, Ufaransa, wakati alichonga cha kwanza, mwaka wa 1890. Ni kisu cha mulimaji: mupini wa muti, ubapa mumoja, basi. Mwaka wa 1897 alivipanga kwa namba, 1 mpaka 12. Namba 8, yenye ubapa wa sentimita 8 na nusu, njo watu wengi wanatembea nayo. Kwa miaka sitini na zaidi hakikuwa na kufuli. Kilikuwa cha namna ya kwanza ile nilisema. Mwaka wa 1955 wakaongeza pete ya chuma juu ya kiungo: ukifungua ubapa, unazungusha pete, na ubapa hauwezi kurudi. Ni kufuli yenye mutoto anaelewa akiiona. Na tangu mwaka wa 2000 pete ile inafunga pia kisu kikiwa kimekunjwa, kisifunguke mufukoni. Nani alifikiri jambo lile mbele yao? Kampuni nyingi zinafikiri tu juu ya kisu chenye kiko wazi.

Ila Opinel na Bukavu hawapatane kila siku. Mupini ni muti, na muti unakunywa mayi. Kwetu mvua inaanza Septemba na kuendelea mpaka Mei; nimevuka kwenda Idjwi na Opinel ndani ya mufuko wa koti lenye limelowa, na kufika kule ubapa haukutoka tena. Wenye wanakijua wanagonga tako la mupini juu ya jiwe, ubapa unachomoka kidogo, kisha unauvuta. Na kama umenunua cha chuma cha kaboni, nanasi moja tu la Idjwi litakigeuza cheusi. Weusi ule si ubaya, unakuwa hata kama nguo ya kukinga chuma. Kutu nyekundu njo ubaya. Ukikipangusa kila mara na kupaka tone la mafuta ya cherehani, kitakuzika. Usipake mawese. Nimejaribu. Yanaganda kwenye kiungo na kuita sisimizi. Kama hauko mutu wa kupangusa, chukua cha inoksi, na usione haya.

Ninajua kuna wenye wanangoja nitaje Okapi. Namna gani Mukongomani aandike juu ya visu na kuacha Okapi?

Nilikuwa nacho, na nilikipenda kwa sababu ya jina. Munyama okapi haishi porini katika inchi nyingine yoyote ya dunia. Ni wa misitu yetu, Ituri na pembeni yake. Watu wa musitu walimujua tangu zamani, lakini wasomi wa Ulaya walimuandika mwaka wa 1901, kwa kazi ya Harry Johnston, Mwingereza aliyekuwa anatawala Uganda. Mwaka mumoja tu kisha, 1902, kule Solingen, mule mule mwenye jeshi la Uswisi lilinunua visu vyake vya kwanza, walianza kutengeneza kisu cha bei ndogo cha kuuzia Waafrika wa makoloni ya Ujerumani, na wakakipatia jina Okapi. Fikiri kidogo: jina ndiyo limetoka katika gazeti, na tayari liko juu ya bidhaa yenye tunauziwa sisi. Tangu mwisho wa miaka ya 1980 kinatengenezwa Afrika ya Kusini. Katika inchi ya munyama mwenyewe, hapana hata siku moja.

Kama chombo, Okapi haistahili matusi. Chuma cha kaboni, kinapata makali haraka juu ya jiwe lolote. Kufuli yake iko na meno: ukifungua, kinalia kra-kra-kra, na kukifunga unavuta pete ndogo yenye iko kwenye mugongo. Inashika. Bei ni ya mufanyakazi. Kule Jamaika kisu cha namna ile kinaitwa racheti, kwa sababu ya mulio wenyewe, na kule kama kule Afrika ya Kusini jina lake linatembea na mambo ya wahuni. Mulio ule njo ulinimaliza.

Nilikuwa natoka kwenye mashamba ya kahawa upande wa Kalehe, nyuma ya lori, pamoja na makaratasi yote ya memwari yangu. Kwenye bariere moja walituambia tushuke. Mumoja wao akafungua sakoshi yangu.

"Iko nini hii?"

"Ni kisu, shefu. Ya kukatia mukate."

Akakifungua polepole. Kra, kra, kra. Watu wote wa lori wakanyamaza.

"Mukate gani inakatiwaka na kitu ya kulia hivi?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sijalipata. Nilikaa pale masaa matatu. Daftari za memwari zilifunguliwa ukurasa kwa ukurasa, wakauliza vile vipimo vya udongo ni kodi gani ya siri. Lori haikuningoja. Kisu hakikurudi. Na kile chenye kiliniumiza zaidi: mama mumoja tuliyeshuka naye alikuwa na kisu cha jikoni ndani ya kikapo, kirefu mara mbili kuliko changu, cha kumenyea mihogo. Walikiona, wakamuambia, "Mama, pita."

Hawakukosea kabisa, na njo maana nasema tuhukumu kisu kikiwa kimefungwa. Kile cha mama kilikuwa kinaonyesha wazi ni cha kazi gani. Changu kilikuwa kimejificha, kinatoka kwa mulio, na kilikuwa mufukoni mwa kijana. Katika inchi yenye watu wengi wamekimbia mara nyingi, kisu chenye kinafunguka kwa kelele, ao kwa resori ya kurusha, ao chenye kimepakwa rangi nyeusi kama cha askari, kinakuwa kimeisha kusema jambo mbele wewe ufungue kinywa. Unaweza kuwa na diploma mbili. Kisu kitasema kwanza. Basi kabla ya kununua, fikiri mutu mwenye unamuogopa kidogo, profesa ao baba mukwe, na ujiulize kama unaweza kukiweka juu ya meza yake bila yeye kusogeza kiti. Spartan inapita. Opinel inapita, kwa sababu iko kama kijiti. Okapi hapana, na naandika vile nikiwa na huzuni.

Neno moja kwa wenzangu wa kilimo, kwa sababu niliona mwenzetu akifanya hivi. Usikate migomba na kisu cha kukunja. Ugonjwa wa kunyauka kwa migomba, ule bakteria wake inaitwa Xanthomonas, unatembea juu ya vyuma: unakata muti mugonjwa, utomvu unabaki, unakata muti muzima, umeupanda ugonjwa kwa mukono wako. Panga unaweza kuliingiza katika moto ao katika zhavel mbele ya kupita kwa muti mwingine. Kisu cha kukunja kiko na mufereji ndani ya mupini, utomvu unaingia mule wakati unakifunga, na hauwezi kuuchoma bila kuchoma mupini. Ni kosa lile lile tena: tunasafisha ubapa wenye tunauona, tunasahau pahali penye unalalaka.

Ubapa, niliahidi, hautaomba maneno mengi. Sentimita saba mpaka nane na nusu zinatosha kwa nanasi. Usilipe zaidi kwa jina la chuma mpaka umejifunza kunoa. Chuma cha bei kali chenye hakinolewi ni kijiko. Na kama hauna jiwe, geuza kikombe cha kauri: ule muzunguko wa tako wenye hauna rangi unanoa vizuri sana. Wengi wetu tulimaliza masomo na makali ya kikombe.

Ukiwa mbele ya muuzaji, usikate karatasi kumufurahisha. Shika kisu kimefungwa, elekeza kiungo juu, ukitikise: kikifunguka, rudisha. Pitisha kidole polepole kwenye ufa wa mupini: kama ncha inatokeza, itakula mufuko na kisha mukono. Kifungue, shika ubapa katikati na uusukume kushoto na kuume. Ukicheza leo, kisha miezi sita utakuwa mulango wa choo. Kisha, vidole vikiwa vimetoka kabisa katika njia ya makali, gonga mugongo wa ubapa polepole juu ya meza. Cha resori kitakubali kidogo na kukataa. Cha kufuli hakipashwe kusogea hata nusu. Muuzaji akikasirika, umeisha kupata jibu.

Mwaka uliopita nilimupelekea yaya wangu Opinel namba 8, ya inoksi, ya kweli safari hii. Nilikuwa nimefikiri mambo yote: kufuli, pete, ule mulio haupo. Alikishika muda mrefu. Akajaribu kuzungusha ile pete, na hapo nikaona kile sikukifikiri: pete inazungushwa kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Chake kilibaki kimenyooka hewani kama cha mutu mwenye anaomba neno darasani. Akajaribu na mukono wa kushoto, akaweza, lakini polepole, na pembeni kulikuwa muteja na simu yenye haiwaki.

"Ni kizuri," aliniambia. "Kaa nacho."

Yeye mwenyewe anatumiaka kisu kidogo cha jikoni, kile cha kumenyea viazi. Amekikatia ala ya karatondo ya boksi ya simu na kuizungushia skochi. Hakina kiungo. Kinakaa ndani ya chombo cha visi, na siku ile alinikatia nacho avoka, nusu yangu, nusu ya muteja.